Tundu Dogo si Kazi Ndogo

Mwaka juzi nilifanya kosa la tafsiri ambalo hakuna mhadhiri aliyelisahihisha, kwa kuwa halikuandikwa popote. Nilikuwa nimekaa katikati ya shangazi yangu na daktari wa upasuaji katika hospitali moja hapa Uingereza. Shangazi alikuwa ametibiwa saratani ya utumbo mpana mwaka mmoja kabla, na sasa picha zilionyesha uvimbe kwenye ini. Daktari alieleza kwamba wangejaribu kuuondoa kwa kupitisha kamera na vifaa katika matundu madogo badala ya kufungua tumbo, na kwamba huenda wakalazimika kufungua wakiwa katikati ya kazi. Shangazi akanigeukia: "Anasemaje?" Nikamjibu, "Anasema ni operesheni ndogo, shangazi. Watatoboa tu."

Uso wake ukakunjuka, na hicho ndicho nilichotaka kukiona. Hospitali ilikuwa imetupa nafasi ya mkalimani bila malipo, nasi tukakataa. Mkalimani wa nini, na mtoto wa kaka yake yupo, tena anasoma chuo kikuu?

Siku ya upasuaji, baada ya saa mbili hivi, timu ililazimika kufungua tumbo. Uvimbe ulikuwa karibu na mshipa mkubwa kuliko picha zilivyoonyesha, na damu ilianza kutoka mahali palipohitaji mkono wa mtu. Walifungua, wakauondoa uvimbe wote, wakashona. Kwa kipimo cha madaktari, kazi ilikwenda vizuri. Lakini shangazi alipozinduka na kuona mkato mrefu uliofuata mbavu zake za kulia, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Mmenidanganya." Kwa wiki nzima aliamini kwamba ama kuna kosa linafichwa, ama ugonjwa ulikutwa umeenea na sisi hatutaki kumwambia. Hakutaka kula, hakutaka kuinuka kitandani kutembea, na wauguzi hawakuelewa kwa nini. Mimi nilielewa.

Ninaandika haya katika jarida la klabu yetu kwa sababu wengi wetu ni wakalimani, tupende tusipende. Simu ikipigwa kutoka nyumbani au kutoka mtaa wa pili, sisi ndio tunaoulizwa: "Wewe uliyesoma, hebu tuambie, tuchague lipi?" Jibu langu leo ni hili. Kwa uvimbe wa ini, matundu madogo na kufungua tumbo ni njia mbili za kuifikia kazi ile ile moja. Pale njia ya matundu inapofaa, ni haki ya mgonjwa kuiulizia kwanza, kwa sababu humpunguzia mateso. Lakini anayeupima upasuaji kwa urefu wa kovu atakosea mara mbili: atadharau kazi kubwa kwa kuwa jeraha ni dogo, na atashuku kazi nzuri kwa kuwa jeraha ni kubwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita humo, yaani takriban lita moja na nusu kila dakika. Ndiyo maana kwa muda mrefu madaktari waliogopa kulikata. Mwaka 1908 daktari wa Glasgow, James Hogarth Pringle, alieleza namna ya kuzuia damu kwa kuibana kwa vidole ile mishipa inayoingia kwenye ini. Mbinu hiyo ingali inatumika. Siku hizi mishipa hubanwa kwa dakika 15 hivi, ikaachiwa kwa dakika 5, kisha ikabanwa tena. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud alionyesha kwamba ini linaweza kugawanywa katika sehemu 8, kila moja ikiwa na mishipa yake ya damu na mrija wake wa nyongo. Kwa hiyo sehemu moja inaweza kuondolewa na nyingine zikaendelea kuishi. Tena ini lina sifa ambayo viungo vingi havina: likikatwa hukua upya. Mtu mwenye ini zima anaweza kubakiwa na theluthi moja tu, na wakati mwingine pungufu ya hapo, likamtosha mpaka litakapokua.

Nimeyataja haya kwa sababu hayabadiliki. Iwe tumbo limefunguliwa au limetobolewa, mishipa ni ile ile, damu ni ile ile, na uvimbe unapaswa kutoka wote pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka. Ini halijui kisu kimeingilia wapi.

Tofauti iko kwenye njia. Katika upasuaji wa kufungua, mkato huanzia chini ya kifua, ukashuka kidogo, kisha ukapinda kuzifuata mbavu za upande wa kulia. Misuli ya tumbo hukatwa na mbavu huinuliwa kwa vyuma. Daktari anaona ini lote na kulishika. Vidole vyake humwambia wapi ni pagumu na wapi ni laini, na damu ikitoka mkono uko karibu. Gharama anailipa mgonjwa baadaye. Kila pumzi na kila kikohozi huvuta mshono ule. Mtu asiyetaka kuvuta pumzi kwa nguvu yuko hatarini kupata homa ya mapafu, na baada ya miezi kadhaa ngiri inaweza kutokeza pale misuli iliposhonwa.

Katika njia ya matundu, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili ukuta wake uinuke kama hema. Matundu manne au matano hutobolewa, moja la kamera na mengine ya vifaa virefu vyembamba. Daktari hutazama kioo, si tumbo. Kamera humkuzia mambo, na mgandamizo wa gesi husaidia kupunguza damu inayovuja kwenye vishipa vidogo vya ini. Lakini vidole vyake havigusi kitu. Badala yake hupitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya ini ili ajue uvimbe umelala wapi na mishipa imepita wapi. Mshipa mkubwa ukipasuka, hana mkono wa kuuziba mara moja. Na zipo sehemu za juu na za nyuma, zilizojificha chini ya kiwambo cha kupumulia, ambazo vifaa hivyo huzifikia kwa shida.

Shangazi aliwahi kuniuliza swali ambalo lilipaswa kunizindua: "Hicho kipande cha ini kitatokaje kwenye tundu la ufunguo?" Nilicheka. Jibu ni kwamba hakitokei hapo. Hutiwa ndani ya mfuko humo humo tumboni, kisha mkato mwingine hufanywa, mara nyingi chini kabisa ya kitovu, pale wanapokatwa wanawake wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Kwa hiyo hata "matundu madogo" yana mkato wake. Ila huo hukaa mahali ambapo pumzi haiuvuti sana.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Njia hii haikuanza jana. Taarifa za mwanzo za kukata ini kwa matundu zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo ilikua polepole kwa sababu ya hofu mbili: kwamba damu itamshinda daktari, na kwamba mbegu za saratani zitasambaa au kuachwa. Mwaka 2008 mabingwa walikutana Louisville, Marekani, wakasema inafaa zaidi kwa uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, ulio mahali panapofikika kwa urahisi. Walipokutana tena Morioka, Japani, mwaka 2014, walikubali kwamba kwa vipande vidogo vya ini njia hii sasa ni ya kawaida, lakini kwa vipande vikubwa bado ilihitaji tahadhari na uchunguzi zaidi.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulitoka Oslo, Norwe. Kati ya 2012 na 2016, wagonjwa 280 ambao saratani yao ya utumbo mpana ilikuwa imefika kwenye ini, kama shangazi, walipangwa kwa kura: wengine matundu, wengine kufunguliwa. Kura ni jambo muhimu hapa, kwani bila hiyo madaktari huwapa matundu wale wenye uvimbe mwepesi, kisha matundu yakasifiwa kwa wepesi usio wake. Matokeo yalikuwa haya. Katika kundi la matundu, wagonjwa 19 katika kila 100 walipata matatizo baada ya upasuaji. Katika kundi la kufunguliwa walikuwa 31. Waliotobolewa walikaa hospitalini saa 53, waliofunguliwa saa 96. Gharama kwa jumla hazikutofautiana. Na baada ya miaka 5, waliokuwa bado hai walikuwa 54 katika kila 100 upande mmoja, na 55 upande wa pili.

Tuzitazame takwimu hizo mbili za mwisho kwa utulivu, kwa sababu ndizo zinazojibu swali la nyumbani. Tundu dogo halikumwongezea mtu maisha, wala halikumpunguzia. Lilimpa siku mbili za kulala kitandani kwake mwenyewe, na nafasi bora ya kupona bila misukosuko. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayesubiri dawa nyingine za saratani au mwenye watoto wa kulea. Lakini si tofauti ya kufa na kupona. Kwa wanaokatwa nusu nzima ya ini, utafiti mwingine wa kura uliohusisha hospitali kadhaa za Ulaya na kuchapishwa 2024 ulikuta kwamba waliotobolewa walirudia nguvu zao kwa siku 4 na waliofunguliwa kwa siku 5. Faida ipo, ila imepungua.

Sasa niseme upande wa pili, maana takwimu za Oslo zilitoka kwenye mikono iliyozoea kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2014 Japani ilishtushwa na habari za hospitali ya Chuo Kikuu cha Gunma. Wagonjwa 8 walikuwa wamefariki baada ya upasuaji wa ini wa matundu madogo uliofanywa na daktari mmoja kati ya 2010 na 2014. Wengi wangeishia hapo na kusema, "Mnaona? Matundu yanaua." Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wagonjwa wengine 10 wa daktari huyo huyo walikuwa wamefariki baada ya upasuaji wa kufungua tumbo. Uchunguzi ulilaumu pia maelezo waliyopewa wagonjwa, kwamba hayakutosha. Kwangu mimi, kisa hiki kinaeleza zaidi kuliko hotuba yoyote. Hatari ilikuwa kwenye mikono, kwenye usimamizi, na kwenye mazungumzo kabla ya kisu.

Kwa hiyo ndugu akikupigia simu kutoka Tanga, Mombasa au Maskati na kukuuliza ni hospitali gani "inatoboa", naomba tusikimbilie kumtajia jina. Tumsaidie kuuliza maswali manne. Uvimbe uko wapi kwenye ini, na karibu na mshipa gani? Ini litakalobaki litatosha? Timu hii hufanya upasuaji wa ini wa namna hii mara ngapi kwa mwaka, na kwa njia ipi? Ikibidi kufungua katikati ya kazi, nani ataamua na kwa sababu gani?

Swali la pili lina uzito wa pekee kwa watu wetu. Nchi zetu zilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Wazazi wetu hawakuipata chanjo hiyo, na wengine wamebeba virusi hivyo kwa miaka bila kujua. Wengine wamekula mahindi na karanga zenye sumukuvu. Ini la mtu wa namna hiyo linaweza kuwa limejaa makovu kabla ya uvimbe kuota. Haliwezi kukua upya kama ini zima, na kukatwa kipande kikubwa kunaweza kulishinda kabisa. Kwa wagonjwa hao madaktari wengi huona faida ya matundu ni kubwa zaidi, kwa sababu tumbo lisilofunguliwa halijai maji kwa urahisi baada ya upasuaji. Lakini kwao pia hatari ya kukosea ni kubwa zaidi. Hapo ndipo kuuliza "kovu litakuwa refu kiasi gani?" kunakuwa swali la mwisho kabisa.

Najua pingamizi mbili nitakazozisikia kwenye mkutano wetu ujao. Ya kwanza ni kwamba hospitali za ugenini hutufungua sisi na kuwatoboa wenyeji. Siwezi kumkataza mtu kuwa na shaka. Wengine wetu tumeonja dharau kwenye madirisha ya ofisi. Lakini shaka huondolewa kwa swali. Sababu za kufungua zinazokubalika ni nyingi: uvimbe kukaa karibu na mshipa mkubwa, uvimbe kuwa mingi au mkubwa, makovu ya upasuaji wa zamani yaliyogandisha matumbo, mrija wa nyongo kuhitaji kuunganishwa upya. Daktari akitaja mojawapo na kukuonyesha kwenye picha, amekujibu. Akisema tu "hapa hatufanyi hivyo," basi mgonjwa ana haki ya kuomba maoni ya timu nyingine inayofanya. Msimamo wangu uko wazi: kwa uvimbe mdogo ulio mahali panapofikika, mgonjwa asifunguliwe tumbo kwa sababu tu hospitali yake haijazoea matundu.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi, na niliwahi kuiamini. Mwanachama mwenzetu mmoja aliniambia, "Ulimpa moyo tu. Mzee wa watu hapewi maneno yote." Tumelelewa hivyo. Habari nzito huzungushwa, hulainishwa, hupunguzwa. Lakini kumpa mtu moyo na kumpunguzia ukweli ni vitu viwili. Ningeweza kumpa shangazi moyo kwa maneno ya kweli kabisa: kwamba uvimbe unaweza kuondolewa, kwamba ini hukua tena, kwamba wenzake wengi waliopitia njia hii wako hai. Nilichagua neno jepesi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naogopa.

Na hapa narudi kwenye lugha, maana hii ni klabu ya Kiswahili. Magazeti na hospitali za nyumbani huandika "upasuaji wa matundu madogo". Tazameni upatanisho. Kivumishi kimepatana na matundu; udogo ni wa matundu. Mimi nilipotafsiri nilikinyakua kivumishi hicho nikakipeleka kwa operesheni, nikapata "operesheni ndogo". Katika Kiswahili cha kila siku operesheni ndogo ni kutumbua jipu au kushona kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni. Mtu huenda asubuhi, jioni yuko sokoni. Silabi mbili tatu zilihama, na shangazi akaingia katika chumba cha upasuaji akiwa na picha ya jipu.

Wahadhiri wetu hutusahihisha ngeli kwenye insha, nasi hulalamika kwamba ni mambo ya mtihani. Natamani mwaka ujao klabu itenge jioni moja tukae na wanafunzi wa udaktari na uuguzi waliomo humu, tuandike kwa Kiswahili kinachoeleweka maelezo ya magonjwa na matibabu ambayo ndugu zetu hukutana nayo zaidi. Hatutakuwa wakalimani wa hospitali, na hatupaswi kuwa. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, na wanaotolewa bure tusiwakatae. Lakini mgonjwa akitoka kwa daktari, atatuuliza sisi tena usiku huo. Tuwe na maneno sahihi ya kumjibu.

Shangazi alipona. Siku ya nane nilimwomba radhi na kumweleza upya, nikimchorea ini kwenye bahasha ya barua ya hospitali: hapa uvimbe, hapa mshipa, hapa walipoona hatari wakaamua kufungua. Alitazama mchoro muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe walifungua ili nisife." Nikamwambia ndiyo. Akaniagiza nimletee viatu vyake, akainuka, akatembea mpaka mwisho wa wodi na kurudi.

Daktari wake alikuwa amemwambia maneno hayo hayo siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyeyabakisha njiani.